Mguu wa Klachi

Wenzangu mliosukuma gari asubuhi mkiwa mmevaa sare za shule, mkafika darasani mmejaa vumbi hadi kwenye kope, nyinyi hamhitaji kuelezwa mengi. Enzi zetu pale Kulesa gari halikuwashwa, lilibembelezwa. Betri ya pikapu ya Baba ilikuwa imechoka kabla sijajua kuhesabu, kwa hiyo kila siku ya soko watoto wote wa jirani tulijipanga nyuma yake, mikono kwenye bati lenye umande, tukasukuma huku tukiimba. Baba alikaa ndani akisubiri kasi itoshe, kisha akaachia klachi. Pikapu ilishtuka, ikakohoa, ikatutemea moshi mweusi usoni, nasi tukashangilia kana kwamba tumeiunda kwa mikono yetu. Nikiinusa petroli leo, pua yangu bado inatafuta na harufu ya maembe yaliyoiva, maana vitu hivyo viwili vilisafiri pamoja kwenda Garsen utoto wangu wote.

Baba alikuwa na watoto watatu, wote wasichana, na mimi ndiye mkubwa. Watu walipomuuliza nje ya kanisa kwa nini anamfundisha msichana gari, alijibu kwamba gari linataka miguu miwili, na Hawayu anayo. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, akishasema hivi amemaliza, na wewe ukibaki pale unasubiri maelezo ni shauri yako.

Nilianza kuendesha kabla sijagusa gari. Alinikalisha kwenye kigoda nje ya jiko, akapanga mawe matatu mbele yangu: klachi, breki, mafuta. Gia ilikuwa mchi wa kutwangia mpunga, umesimamishwa kwenye kishimo alichochimba kwa panga. "Kanyaga. Ingiza. Achia polepole." Miezi mingapi sijui. Mama alikuwa akija kuutafuta mchi wake na kunikuta niko gia ya tatu, nimetoa macho, naelekea Malindi. Alikuwa ananiomba nishuke kwanza atwange, halafu niendelee na safari.

Siku niliyokalia kiti chenyewe, mbugani nyuma ya mashamba, ardhi ilikuwa imekauka na kupasuka, hakuna cha kugonga isipokuwa vichuguu. Niliizima pikapu mara tisa, na bahati siku hiyo Baba alikuwa ameazima betri nzima. Baba hakunifokea hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kila nilipoizima alifungua mlango, akashuka, akatembea hatua ishirini hivi, akasimama akinipa mgongo. Halafu akarudi, akaketi, akafunga mlango, akasema, "Tena." Jasho lilinitiririka hadi kwenye viganja, usukani ukawa unateleza. Mara ya kumi nikaisikia. Niliisikia kwenye unyayo, pale klachi inapoanza kushika, gari linapojikunja kidogo kabla ya kuondoka. Nikaondoka. Nilipiga ukelele, na Baba akatazama nje ya dirisha nisimwone akicheka. Nawaambieni ukweli, nimepata furaha nyingi maishani, mtoto nimezaa, nyumba nimejenga, lakini ile ya klachi kushika kwa mara ya kwanza bado iko kwenye tatu bora.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima nilieleze, kwa sababu nusura lituue. Sisi watu wa mtoni hatukuwa na kushoto wala kulia. Maneno hayo tuliyakuta shuleni. Nyumbani kulikuwa na juu na chini: juu ni kule maji yanakotoka, upande wa Hola, na chini ni kule yanakokwenda, upande wa Kipini na bahari. Ukimwambia mtoto wa Kulesa asogee juu kwenye mkeka, anasogea upande wa Hola. Chumvi iko rafu ya chini, Mama alisema, na mgeni akainama hadi sakafuni kuitafuta, kumbe rafu yenyewe iko sawa na macho yake ila iko ukuta wa upande wa Kipini. Hivyo Baba alinifundisha kuendesha vilevile. "Kata juu." "Rudi chini kidogo." Gia nazo zilipanda juu na kushuka chini, lakini mbugani kosa halikuwa na madhara, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba maneno hayo mawili yanafanya kazi mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, shule zimefungwa, mwaka ambao maji yalikuja vibaya. Mnakumbuka mafuriko ya kwetu yanavyokuja: jua linawaka, mbingu haina hata wingu, na mto unapanda. Mvua imenyesha huko milimani kwa watu wengine, sisi tunaletewa maji tu. Baba aliingia mtoni kuokoa migono yake ya samaki kabla haijachukuliwa, akakanyaga ngogo. Kwa asiyemjua, ngogo ni samaki mdogo mwenye miiba migumu mgongoni na mbavuni, na mwiba wake una sumu. Ulimwingia kwenye unyayo wa mguu wa kushoto, ukakatikia ndani.

Siku ya kwanza alisema si kitu. Siku ya pili mguu ulikuwa umefura hadi kwenye shavu la mguu, ngozi inang'aa. Asubuhi ya siku ya tatu niliamshwa na sauti yake akizungumza na babu yangu, ambaye alikuwa amefariki miaka mingi. Mama alinitazama, nikamtazama. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti.

Mtu mwingine aliyejua kuendesha pale kijijini alikuwa amekwenda Malindi. Mto wenyewe ulikuwa unabeba miti mizima na mizizi yake, hakuna aliyethubutu kutia mtumbwi. Simu ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, na ilipata mtandao ukipanda kichuguu cha nyuma ya shule, na siku hiyo kichuguu kilikuwa kisiwa. Baba alipopata fahamu kidogo alijaribu kuvaa viatu aendeshe mwenyewe. Aliketi kwenye kiti, akaweka mguu wa kushoto kwenye klachi, akakanyaga. Sijawahi kusikia mtu mzima akitoa sauti ile. Alibaki ameegemea usukani, jasho linadondoka, halafu taratibu akajivuta hadi kiti cha pili. Alipiga kile kiti alichokiacha kwa kiganja chake. "Hawayu."

Majirani walitusukuma. Mama alipanda nyuma na blanketi, mtungi wa maji na Biblia. Nilikuwa sijawahi kuvuka mbuga ile, sijawahi kuendesha mbele ya mtu asiye Baba, lakini nilikanyaga klachi, nikasubiri kasi itoshe, nikaachia.

Barabara ya kutoka kwetu inaupa mto mgongo, inapita mashambani, na kabla ya kufika barabara kubwa ya Garsen inakata mahali tulipopaita Mto Mfu. Ni mkondo wa zamani, Tana ilipita hapo enzi za wazee kisha ikahama. Kiangazi ni bonde la nyasi tu. Maji yakija, huwa hai tena. Jana yake yalikuwa ya kifundo. Tulipofika asubuhi ile yalikuwa ya goti, ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita kwa kasi kutoka juu kwenda chini, na vijiti ambavyo wanakijiji walikuwa wamevisimika kuonyesha ukingo wa njia vilikuwa vimebaki viwili. Upande wa juu njia ilikuwa pana. Upande wa chini kulikuwa na shimo ambalo kiangazi tulichimba udongo wa kujengea nyumba, refu kuliko mtu.

Nikasimama ukingoni, injini inanguruma. Sikuthubutu kuizima, nani angetusukuma pale? Baba alifumbua macho. Aliongea taratibu, kila neno akilitoa kama linamuuma. Ingia na gia ya kwanza. Mafuta yawe mengi muda wote. Usibadilishe gia katikati. Usiachie mafuta, maji yataingia kwenye ekzosi na itazima. Ikizima, tumekwisha.

Nilisikia yote. Niliyarudia yote kwa sauti. Halafu, kwa woga, niliingia na gia ya pili.

Mita chache za kwanza pikapu ilikwenda. Maji yaligawanyika mbele yetu, Mama nyuma ameanza kuomba kwa Kipokomo kwa sauti kubwa. Kisha injini ikaanza kulalamika. Nilikanyaga mafuta zaidi, haikuitikia, ilizidi kutetemeka, mlio unashuka, unashuka, na hapo Baba akainuka kitini na kupaza sauti kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Chini! Chini, Hawayu! Chini!"

Na mimi, mtoto wa mtoni, nikakata usukani kuelekea Kipini.

Gurudumu la mbele la upande wangu lilitoka kwenye ardhi ngumu. Nililisikia likikosa pa kukanyaga. Pikapu iliinama upande wangu, maji yakapenya chini ya mlango, yakajaa miguuni, baridi, yakafunika klachi na breki na mafuta vyote. Mama alipiga paa kwa ngumi. Baba alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto sana.

"Gia," alisema. Sasa alikuwa ananong'ona. "Nasema gia, mwanangu. Gia chini."

Nikaelewa, na kuelewa kule kuliniuma kuliko kitu chochote, kwa sababu neno lilikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi na tulikuwa tunazama. Nilikanyaga klachi hadi mwisho chini ya maji nisiyoweza kuona, mguu wa kulia nikaubakiza kwenye mafuta. Injini ikapumua. Ikabaki hai. Lakini sikuweza kwenda popote. Mbele kulikuwa na shimo, na nyuma sikuona kitu, na kila mara maji yaliposukuma ubavu wa gari nililisikia likisogea kidogo, kidogo tu, upande wa chini.

Ng'ambo ya mkondo kulikuwa na ng'ombe. Sikuwa nimewaona. Walikuwa wamesimama na mfugaji wao, Muorma wa makamo, shuka amelifunga kiunoni na fimbo mabegani. Lazima niseme wazi kwamba msimu ule mambo hayakuwa mazuri kati ya watu wa mashamba na watu wa ng'ombe. Mahindi yalikuwa yameliwa, njia za kwenda mtoni zilikuwa zimezibwa, na tulikuwa tumekatazwa hata kusalimiana. Nilimwona akituangalia. Aliangalia muda mrefu, au labda ulikuwa mfupi, mimi ndiye niliyekuwa nauhesabu kwa mguu uliokuwa unakufa ganzi kwenye klachi. Kisha akaingia majini.

Alikuja moja kwa moja, akichoma fimbo mbele yake kila hatua. Alizunguka gurudumu lililoning'inia, akapima, akatikisa kichwa, akaja dirishani. Baba alimsalimu kwa Kiorma, "Nagaa." Naye akaitikia, "Nagaa," kana kwamba wamekutana sokoni.

"Wewe sikia," aliniambia. "Mbele iko shimo. Rudi nyuma kidogo kidogo, mimi nashika hapa. Halafu fuata mimi. Ng'ombe yangu napita hapa kila siku, mimi najua iko ngumu wapi. Usiangalie maji. Angalia mgongo yangu."

Akaweka bega lake kwenye kona ya gari upande wa shimo, yaani kati yetu na shimo. Mama alishuka nyuma, maji yakamfika mapajani, akashika kona ya pili. Niliingiza gia ya kurudi nyuma. Hapo sasa, wenzangu, kila asubuhi ya mawe na mchi ilirudi kwenye unyayo wangu. Kuachia haraka, inazima. Kuchelewa, maji yanatuchukua. Niliachia kidogo, nikasubiri, kidogo tena, na katikati ya maji yale nikaisikia ikishika. Pikapu ilijikunja, ikajivuta, gurudumu likapanda kwenye ardhi ngumu kwa mtikiso ulionigongesha kichwa dirishani.

Kisha gia ya kwanza. Sikutazama maji. Nilitazama mgongo wa mtu yule, shuka limelowa, fimbo inapanda na kushuka, anakunja njia mahali ambapo mimi ningenyoosha, ananyoosha mahali ambapo mimi ningekunja. Ng'ombe waliachana kutupisha. Tulipotoka ng'ambo nilitaka kusimama nimshukuru, na Baba akasema, "Usisimame." Nilitoa mkono dirishani tu. Kwenye kioo nilimwona ameshageukia ng'ombe wake.

Garsen daktari alichana unyayo, akatoa kipande cha mwiba kirefu kama ukucha. Alimwambia Mama kwamba tungekuja siku iliyofuata, angeukata mguu, na hata hilo huenda lisingetosha. Siku iliyofuata Mto Mfu ulikuwa umefunika vile vijiti viwili, na haukupitika kwa wiki tatu.

Nami niliapa. Nilimwambia Mama pale uwanjani pa hospitali kwamba sitashika usukani tena maisha yangu yote. Usiku nilikuwa naota mguu wangu unatafuta klachi kwenye maji na haupo. Nilirudi shule nikiwa nimekata shauri. Likizo iliyofuata nilimkuta Baba anatembea na bakora, anachechemea. Alisema mguu umegoma, klachi haukubali. Maembe yalikuwa yanaangukia ardhini, wadogo zangu hawajui gari, na yeye ananitazama tu. Nilikaa kwenye kile kiti nikilia. Nililia hadi Mto Mfu, ambao ulikuwa mkavu na umejaa nyasi, nikauvuka kwa gia ya kwanza kama wazimu. Wiki iliyofuata nililia kidogo. Kufikia mwisho wa likizo nilikuwa naimba.

Basi ikawa hivyo. Kila likizo niliendesha, Baba kando yangu na bakora yake kati ya magoti, na nilipomaliza shule niliendelea hadi nilipoolewa, miaka sita kwa jumla. Nilipokwenda kufanyiwa mtihani wa leseni Malindi, yule ofisa aliniambia nikate kushoto, nikanyamaza kwanza kutafuta mto uko wapi. Aliniuliza kama sisikii vizuri. Lakini kwa klachi hakupata la kusema.

Leo ukipita Garsen utawaona vijana wetu, gari ni la otomatiki, simu inawaambia wakunje wapi, na mguu wa kushoto umestaafu kabla mwenyewe hajapata kazi. Mpwa wangu mmoja alichungulia ndani ya gari langu juzi akashika kichwa. "Anti, bado uko na manyuali? Hiyo stori iliisha kitambo!" Nilimpa ufunguo aliondoe tu hapo kwenye kivuli. Alilizima mara nne, watoto wa stendi wakamshangilia, akanirudishia akisema lina shida ya injini. Sikumcheka sana. Ningepata gari la namna yao siku ile, Baba angejiendesha mwenyewe kwa mguu wake mzima, na mimi ningekaa pembeni namshikia blanketi.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Baada ya mazishi tulikaa na Mama, tunakunja nguo zake, nikaishika ile bakora nikasema mguu ule ulimtesa sana mzee wa watu. Mama aliniangalia akacheka, cheko la kwanza tangu msiba.

"Mguu gani? Mguu wa babako ulipona kabla mahindi hayajakomaa."

Nilidhani amechoka. Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu, kila likizo, anachechemea.

"Kila likizo, ndiyo," Mama alisema. "Na shule zikifunguliwa, unafikiri maembe yalikuwa yanaendeshwa na nani? Na mimi? Shule ikifunguliwa anaendesha, ikifungwa anachechemea, na ulipomaliza shule akachechemea mfululizo hadi ulipoolewa. Mimi nilimwambia amwambie mtoto ukweli. Akasema la, akijua nimepona hatashika usukani tena, na yale maji yatamfuata kila aendako."

Siku hizi wazazi wenye uwezo huwanunulia watoto wao magari, mapya, yanayojibadilisha gia yenyewe, nami nawapongeza kwa moyo mweupe. Baba yangu hakuwa na gari la kuninunulia. Alichechemea miaka sita.